Kitako cha Kilosa

Vijana wa stoo ya bunduki ya Mikumi,

Siku mliyoniaga mlisema mengi mazuri, mengine ya uongo kabisa, nami nikala pilau yenu nikashiba. Lakini mmoja wenu, sitamtaja maana bado anaona haya, aliniuliza swali ambalo nililikwepa kwa kujifanya nimepaliwa. Aliniuliza, "Mzee, siku ile ulipoiamkia bunduki, hasa ulikuwa unamwamkia nani?"

Ni kweli niliiamkia. Tulikuwa tunatenga bunduki za zamani za kuwindia, zilizo kama zilivyotoka kiwandani huku, na zilizotiwa mikono ya watu kule, nami nikashika moja, nikasema "Shikamoo" kwa sauti. Mkatazamana. Nilijua mnachofikiri. Mtu akikaribia kustaafu, watu huanza kumwangalia kama ndoo inayovuja. Basi nimekaa kuandika jibu, na ni refu kidogo, maana linaanzia Kilosa, enzi za Mwingereza na mkonge.

Mimi nilizaliwa kambini Kimamba. Baba alikuja kutoka Unyamwezi kama manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nilipopata ukubwa wa kuajiriwa sikupelekwa kukata, nikawekwa kwenye chumba cha kusugulia singa, pale nyuzi za mkonge zilizotoka korona, ile mashine ya kukamua majani, na kuanikwa zinapochanwa zikang'aa. Vumbi la chumba kile nalikohoa mpaka leo. Lakini lilinipa kitu kimoja: vidole vyangu vilijua singa nzuri na singa mbaya kabla macho hayajaziona.

Pale Kilosa mjini palikuwa na duka la bunduki la Bwana Jivan. Mbele aliuza risasi na taa za karabai, nyuma kulikuwa na karakana. Aliagiza singa laini kutoka kwetu, na siku moja nilitumwa kuzipeleka. Nyuma ya duka nilimkuta mtu mrefu amekaa karibu na dirisha. Alichukua fungu moja, akalisugua kati ya vidole, akaniuliza bila kunitazama, "Nani kachagua hizi?"

"Shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Kimamba."

"Bwana Jivan," akaita, "huyu Kimamba asirudi."

Nilidhani nimekosa kitu. Kumbe ndiyo nilikuwa nimeajiriwa, na jina nimeshapewa. Mama alinipa jina la Rajabu, lakini kwa mtu huyu nilibaki Kimamba siku zote.

Yeye alikuwa Fundi Elia, mtu wa Mamboya, mkimya wakati wa kazi na msumbufu wakati wa chai. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa kula na kusalimia. Hivyo viwili, alisema, alifundishwa na bibi yake kwa mwiko. Karakana ilikuwa na meza moja ndefu na viti viwili. Kiti cha dirishani kilikuwa chake, kwa sababu ya mwanga, na aliyekaa pale ndiye aliyetoa neno la mwisho juu ya bunduki yoyote. Kiti cha ukutani kikawa changu, pamoja na giza lake na mjusi wake.

Siku ya kwanza alinionyesha bunduki iliyolala mezani juu ya gunia, nami nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi dogo la kiganjani.

"Mikono nyuma."

Alihakikisha kwanza haina risasi, hilo halikuwa na mjadala, kisha akanisimamisha pale mikono nyuma kama mshtakiwa, niitazame tu. Nilitazama mpaka chai ikapoa. Aliponiuliza nimeona nini, nikasema nimeona bunduki. Akasema basi nimeona zaidi ya wengi, wengine huona bei. Wiki nzima ile sikugusa chuma. Niligusa ufagio.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana nyinyi mmeikuta nusu. Mabwana wa mashamba ya mkonge walikuja na bunduki nzuri kutoka kwao. Wengine walipoondoka waliziuza, na palikuwa na watu wa kuzikusanya, kule pwani na ng'ambo, ambao hawakutaka kupiga hata kanga. Walitaka bunduki ibaki kama ilivyotoka kiwandani: mti wake, rangi yake, skrubu zake. Ikibadilishwa kitu wanaikunjia uso. Mwanzoni niliona ni wazimu. Kwa mtu wa Zombo anayeliwa mahindi na nguruwe, bunduki nzuri ni ile inayolia. Lakini Bwana Jivan ndiye aliyewaandikia wale watu kusema hii ni kamili na hii imechezewa, na neno lake lilikuwa neno la Fundi Elia.

Alinifundisha kuanzia pale mti unapokutana na chuma. Kiwandani huacha mti umeinuka kidogo sana juu ya chuma, unausikia kwa ukucha. Mtu akiupiga msasa apate kuupendezesha, mti unazama chini ya chuma, na hauinuki tena. Kisha maandishi ya mtutu. Herufi za kiwandani zina kingo kali. Bunduki iliyosuguliwa na kupakwa rangi upya, herufi zake zimelegea kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Kisha namba, kama zile za mtutu na za bolti, kile chuma cha kusukumia risasi ndani, zinalingana, na kama zimegongwa na mkono uleule. Kisha chale. Chale tuliita ile mistari inayopishana kwenye mti mahali pa kushikia, mkono usiteleze. Mtu akizichonga upya juu ya zilizofutika, mistari miwili hukaa njia moja kama magari yanayogombania barabara.

Na mwisho skrubu. Hapo Fundi Elia alikuwa kama padri. Alikuwa na bisibisi nyingi, na kila moja aliinoa kwa tupa mpaka itoshee mfereji wa skrubu moja tu, isicheze. "Skrubu ndiyo inayosema nani kaingia ndani," alisema. Kichwa chenye mkwaruzo, kuna mtu kafungua. Kisicho na mkwaruzo, hakuna aliyefungua tangu kiwandani, na wewe usiwe wa kwanza, maana ukiteleza kidogo tu umeiharibu kwa kuitafutia uzima. Ile ilikuwa sheria ya karakana. Skrubu isiyoguswa haiguswi.

Kulikuwa na jambo moja lingine ambalo sikulikuta kwa fundi yeyote baadaye. Nyuma ya kitako, ule mti wa bunduki unaoegemezwa begani, chini ya bamba la chuma, huwa kuna shimo. Kila kitako alichokifungua kukitengeneza, alilijaza shimo lile singa za mkonge zilizochovywa kwenye nta ya nyuki, unyevu wa masika usiingie. Ndiyo maana Bwana Jivan alinunua singa. Kazi ya kuzichovya ikawa yangu, na nikaipenda, maana karakana nzima ilinukia asali.

Nilipenda kila kitu pale, niseme ukweli. Nilipenda honi ya treni, na Fundi akisema imechelewa hata kama imewahi. Nilipenda mabwana wa mashamba waliofika kutoka Msowero na Rudewa na matope mpaka magotini, wakibembeleza bunduki zao mbovu zisemwe ni nzima. Mmoja alileta yake iliyotobolewa matundu ya kufungia darubini. Alikuwa ameyaziba kwa nta na masizi, kazi safi kabisa. Fundi aliiweka dirishani juani na kuniambia tunywe chai kwanza. Tulipomaliza chai nta ilikuwa inatiririka mtutuni. Yule bwana akacheka mwenyewe, akaomba kikombe.

Miaka ikaenda. Nilioa, nikapata watoto, nikaendelea kukaa ukutani. Kisha nikaanza kuona Fundi anaziinamia bunduki zaidi. Alianza kuniambia, "Hebu nisomee namba hiyo, mikono yangu ina mafuta," na mikono yake haikuwa na mafuta. Macho yake yaliingia ukungu, kwanza moja, halafu la pili. Sikumwambia mtu. Nilikuwa namsomea namba, naye anaziangalia kwa kidole gumba, tunaendelea. Mimi mwenyewe niliona tunaweza kwenda hivyo mpaka mwisho.

Haikuwezekana. Bunduki moja ilirudi kwa treni kutoka pwani. Fundi aliipitisha kuwa kamili siku ambayo mimi nilikuwa Kimamba kwenye msiba, na mtutu wake ulikuwa umepakwa rangi upya, kitu ambacho hata mjusi wangu angekiona. Bwana Jivan alikuja nyuma, akasimama kati ya viti vyetu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasugua mikono kama anayenawa.

"Fundi, mimi na wewe tumezeeka pamoja. Lakini duka linaishi kwa neno moja tu. Kesho Bwana Kosta analeta bunduki yake, anarudi kwao Ugiriki. Mtaitazama wote wawili, kila mtu peke yake, kila mtu aniambie. Kama macho yako yamechoka, basi upumzike, Kimamba akae dirishani."

"Sawa," alisema Fundi Elia, kama ameambiwa mvua itanyesha.

Bwana Jivan alipoondoka, nikamwambia Fundi taratibu kwamba naweza kumdokezea. Nikikohoa, kuna kitu. Nisipokohoa, ni kamili. Na kukohoa kwangu hakuna angeshangaa.

Alinigeukia na macho yale ya maziwa. "Kimamba, utasema ulichokiona. Ukinikoholea, nitakutoa nje."

Siku zote nilitamani kile kiti cha dirishani, sitawaficha. Lakini usiku ule niliomba Mungu tuseme kitu kimoja.

Bunduki ya Bwana Kosta aliirithi pamoja na nyumba kutoka kwa meneja aliyemtangulia, na hakujua historia yake. Niliingia mimi kwanza. Mikono nyuma. Vijana, sijaona bunduki nzuri kama ile. Mti wa jozi wa Ulaya, una mistari myeusi kama moshi. Ukingo wake umeinuka juu ya chuma vilevile inavyotakiwa, kotekote. Herufi kali, namba zinalingana, chale safi, hakuna mstari uliopotea njia. Nikageuza nyuma. Skrubu mbili za bamba, mifereji yake imelala njia moja, haina hata unywele wa mkwaruzo. Nikaziacha, kwa sheria. Nikatoka nikamwambia Bwana Jivan, "Ya kiwandani yote, kuanzia mdomo mpaka kitako."

Akaingia Fundi Elia. Mlango ulikuwa wazi, tulimwona. Hakuinama hata kuangalia. Alipitisha kidole kwenye namba, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa mti. Halafu akashika pale penye chale, na mkono ukasimama. Niliona midomo yake inacheza.

"Mtutu wa kiwandani," alisema alipotoka. "Kitako siyo."

Bwana Jivan alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Bwana Kosta naye akaanza kulalamika kwamba mzee haoni, kila mtu shambani anajua. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kuomba zaidi ya kubishana, "Fundi, tafadhali. Skrubu hazijaguswa."

"Najua. Kalete bisibisi ya nne kutoka ukutani. Fungua."

"Fundi, sheria…"

"Sheria ni yangu. Fungua."

Bisibisi iliingia kwenye mfereji kama imezaliwa humo. Pale pale ningepaswa kuelewa, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kutoteleza. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, nikavuta bamba. Karakana ikanukia asali.

Zilikuwa singa za mkonge, zimegeuka rangi ya chai, zimeshindiliwa vizuri ndani ya nta. Hakuna kiwanda cha Ulaya kilichowahi kujaza mkonge kwenye kitako. Hata Bwana Kosta, ambaye maisha yake yote yalikuwa mkonge, alizichukua akazisugua kati ya vidole.

Fundi alitueleza akiwa amesimama, mkono bado uko kwenye mti. Yule meneja aliyemtangulia Bwana Kosta aliangushwa na nyati kule Mkata, nyati akakanyaga bunduki, kitako kikawa vipande. Ilikuwa zawadi ya baba yake, akaomba itengenezwe isijulikane. Fundi, wakati huo kijana tu, akatafuta mti mpaka akapata ubao mnene wa meza ya kulia iliyoachwa na Mjerumani. Akaufanyia kazi msimu mzima wa mvua. Mimi nilikuwa sijafika Kilosa, na nilipofika alikuwa amekwisha kuacha kuchonga vitako vizima.

"Mkono wa kushoto ukimaliza mstari unalemea," alisema. "Chale zangu zote zinazama kidogo zinapoishia kushoto. Jicho halioni. Kidole kinaona."

Bwana Jivan alipiga makofi akacheka kwa furaha, mtu aliyeondolewa mzigo. "Basi yamekwisha! Kiti ni chako, Fundi. Kaa mpaka ufe!"

Nami nilifurahi kuliko yeye. Nilikuwa nimeshaanza kurudi ukutani kwangu.

"Hapana, bwana," alisema Fundi Elia. "Hii sikuijua kwa kazi. Nimeijua kwa kuwa ni yangu. Rangi ya mtutu sijaiona, nimekisia. Ungeniletea nyingine yoyote ningekupotosha tena."

Kisha akanigeukia, akanitafuta kidogo kwa uso kabla hajanipata.

"Na wewe usinywee hivyo. Hukukosea kutazama. Umetazama kila nilichokufundisha, ukaona kiwanda. Tangu nimalize kitako hiki nilikuwa nangoja mtu mwenye macho aniambie hivyo."

Nililia, mtu mzima mwenye watoto, mbele ya Mgiriki.

"Kaa dirishani," akasema. "Mimi mwanga haunisaidii tena."

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto lake. Yeye akakaa ukutani, na kazi ya kwanza niliyoifanya pale ni kuandika kipande cha karatasi cha kufunga kwenye bunduki, naye akinitajia maneno: mtutu wa kiwandani, kitako cha Kilosa. Nilimuuliza kama tuandike na jina lake. Alisema jina la nini, kwani yeye ni chapa ya biskuti? Bunduki ikauzwa hivyo hivyo na kipande chake, ikaondoka nchini.

Fundi alibaki hadi mwisho wa mwezi, akinisumbua kwa chai na kuniambia treni imechelewa. Kisha nikampandisha lori la kwenda Mamboya, na sanduku lake. Bisibisi aliniachia zote. Nilipomwamkia akaitikia, akanishika mkono muda mrefu, akipapasa sugu zangu kama anasoma namba.

Baadaye mabwana wa mkonge walipungua, Bwana Jivan akafunga duka akawafuata wanawe, nami nikaja huku Mikumi kutunza bunduki za askari wa wanyama. Habari ya kifo cha Fundi niliipata kwa mtu wa Mamboya aliyeshuka kuuza maharage. Alikuwa amekwisha kuzikwa, na masika yalikuwa yameshafunga njia. Niliumia, na bado naumia, kwamba sikupanda kule hata mara moja. Kazi ilikuwa nyingi, ndivyo nilivyojiambia.

Sasa ile siku yenu. Ile bunduki mliyokuwa mmeshaiweka upande wa kiwandani, ile yenye mti mwekundu wenye moshi, nilikuwa naisogeza tu ipate kupisha nyingine. Kidole gumba kikapita kwenye chale, kikafika mwisho wa mstari upande wa kushoto, kikazama. Kidogo sana. Nikarudia mstari mwingine. Ukazama. Si ile ya Bwana Kosta, ni nyingine, ya ujana wake, na hakuwahi kunitajia kwamba kuna nyingine. Nilisema shikamoo kabla sijajua nimefungua mdomo.

Sikuwasahihisha siku ile, niliiweka chini nikatoka nje kunawa uso. Wala hamkukosea kutazama. Lakini naomba muihamishe, na mfunge kipande kama mwenyewe alivyopenda: mtutu wa kiwandani, kitako cha Kilosa. Bamba msilifungue ili kuhakikisha. Skrubu zake hazina mkwaruzo. Fumbeni macho, mpitishe kidole gumba kwenye chale taratibu mpaka zinapoishia kushoto, na mkimkuta pale, mwamkieni. Ni mkubwa wenu.